Je, Wajua? Mwuza Mafuta wa Dar es Salaam Aliyekwenda Kupigana Angani

Jina la Roald Dahl limezoeleka kwa wasomaji wa hadithi za watoto. Ndiye aliyemtunga Matilda, na ndiye aliyemtunga yule mtoto Charlie aliyepata tiketi ya kuingia kiwanda cha chokoleti. Kisichosemwa sana ni kwamba kabla ya hayo yote alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta mjini Dar es Salaam, kisha rubani wa ndege za kivita, na kwamba mara yake ya kwanza kurusha ndege peke yake ilikuwa katika anga ya Nairobi.

Tahadhari moja kabla hatujaanza. Dahl alikuwa msimuliaji kuliko alivyokuwa mtunza kumbukumbu. Kitabu chake cha maisha ya vita, Going Solo, kilitoka mwaka 1986, miaka zaidi ya 40 baada ya matukio yenyewe, na ndani yake chumvi haikupimwa kwa kijiko. Palipo na kumbukumbu za jeshi tutazifuata hizo. Palipo na maneno yake peke yake tutasema ni maneno yake.

Je, wajua kwamba Shell ndiyo iliyomleta?

Alizaliwa Cardiff, nchini Wales, tarehe 13 Septemba 1916, kwa wazazi Wanorwe, akapewa jina la Roald Amundsen, Mnorwe aliyekuwa wa kwanza kufika Ncha ya Kusini. Hakutaka chuo kikuu. Alitaka nchi za mbali, akajiunga na kampuni ya Shell mwaka 1934, na mwaka 1938 ikampeleka Tanganyika. Alipofika alikuwa na miaka 22.

Kazi yake ilikuwa kuuza mafuta na vilainishi kwa mashamba ya mkonge, ya pamba na migodi, kwa hiyo alizunguka bara kwa gari, na Kiswahili ilibidi akijue kwa sababu bila hicho asingefika popote. Nyumbani, wazungu vijana watatu walikaa katika jumba moja lililotazama bahari, wana mpishi, wana mtunza bustani, na kila mmoja ana boi wake. Katika kitabu chake anayataja hayo kwa furaha na bila haya, na msomaji wa leo wa Dar es Salaam ana haki ya kukunja uso kidogo.

Je, wajua kwamba sare yake ya kwanza ilikuwa ya Keya?

Vita ilipotangazwa Septemba 1939, Waingereza wa Tanganyika walikuwa na jambo lililowasumbua kuliko Hitler aliyekuwa mbali: Wajerumani wa papo hapo. Nchi ilikuwa koloni la Ujerumani mpaka Vita ya Kwanza, na wengi walikuwa wamebaki, au wamerudi, wakilima mkonge na kahawa. Serikali iliamua kuwakusanya wanaume wote na kuwaweka kizuizini.

Dahl, ambaye hakuwa amefundishwa uaskari hata siku moja, alipewa cheo cha muda na kikosi kidogo cha askari wa King's African Rifles, wale ambao wazee wetu waliwaita Keya, akaambiwa akafunge barabara ya kusini inayoelekea Msumbiji ya Wareno ili Wajerumani wasitorokee huko. Kwa ushahidi wake mwenyewe, waliojua kazi ni askari wale. Yeye alikuwa mzungu mrefu mwenye bastola, akijaribu kuonekana kana kwamba anajua anachofanya.

Je, wajua kisa cha Mdisho na upanga?

Hapa ndipo chumvi inapoanza kuzidi. Katika Going Solo, Dahl anasimulia kwamba boi wake, Mnyamwezi aitwaye Mdisho, aliposikia vita imetangazwa aliutwaa upanga wa Kiarabu uliotundikwa ukutani, akakimbia usiku mpaka kwa tajiri mmoja wa Kijerumani mwenye shamba la mkonge aliyesifika kwa kuwachapa wafanyakazi wake viboko, akamkata kichwa. Akarudi akihema, anasubiri pongezi. Mdisho hakuelewa kwa nini vita iwe halali kwa wazungu huku yeye akiambiwa amefanya kosa la kunyongwa. Dahl akampa ule upanga kama zawadi na kumsihi afunge mdomo.

Ni kisa kizuri mno, na uzuri huo ndio unaonitia shaka. Tajiri wa kizungu akatwe kichwa Dar es Salaam mwaka 1939, halafu polisi wa kikoloni wasigeuze mji mzima juu chini? Mwandishi wa wasifu wake, Donald Sturrock, naye hakukimeza. Hata hivyo swali alilotiwa Mdisho mdomoni ni swali la kweli, na maelfu ya Waafrika waliovaa sare ya Keya wakapelekwa Abyssinia na Burma walikuwa na haki ya kuliuliza.

Je, wajua kwamba alikuwa mrefu mno kwa ndege yake?

Novemba 1939 aliomba ruhusa Shell, akaendesha gari kutoka Dar es Salaam mpaka Nairobi, safari ya maili 600 hivi kwa barabara za vumbi, akajiandikisha katika Jeshi la Anga la Uingereza. Daktari alimpima akakuta ana urefu wa mita 1.98. Kwa mtu wa kujikunja ndani ya ndege ya kivita huo ulikuwa msiba, lakini vita ilikuwa na njaa ya vijana, akapitishwa.

Ndege ya kujifunzia ilikuwa Tiger Moth, ya mbawa mbili kwa juu na chini, isiyo na paa. Dahl alipoketi, kichwa kilitokeza juu ya kioo cha kukinga upepo, na upepo wa propela ukampiga usoni hata asiweze kuvuta pumzi. Dawa aliyoibuni ni kujifunga kitambaa chembamba cha pamba puani na mdomoni. Baada ya saa 7 na dakika 40 tu za mafunzo aliachiwa aruke peke yake. Siku zilizofuata alizunguka juu ya Bonde la Ufa akiwatazama tembo, twiga na nyumbu kutoka juu, na ukisoma kurasa zake za wakati huo utaona hakuna mahali pengine katika vita yake yote alipokuwa na furaha kama ile.

Kundi lake lilikuwa la vijana 16. Anaandika kwamba katika miaka miwili iliyofuata, 13 kati yao waliuawa angani.

Je, wajua namna risasi zilivyopita katikati ya propela?

Kutoka Nairobi walipelekwa Habbaniya, kambi kubwa ya jangwani magharibi ya Baghdad, wakakaa huko karibu miezi sita katika joto kali, na Agosti 1940 Dahl akapewa cheo cha uofisa. Alipangiwa kikosi namba 80 kilichorusha Gloster Gladiator, ndege ya mwisho ya mbawa mbili kutumiwa na Waingereza kwa mapigano ya angani. Hakuwa amewahi kuirusha, wala hakuna aliyemfundisha kupigana angani.

Gladiator ilikuwa na bunduki nne za rashasha. Mbili zilikuwa chini ya mbawa. Mbili nyingine zilikaa mbele ya rubani, nyuma kabisa ya propela inayozunguka kwa kasi kubwa, na zilipiga kupitia humo humo. Siri yake ni kwamba injini yenyewe ndiyo iliyotoa ruhusa ya kila risasi: chombo kilichounganishwa na mzunguko wake kiliachia risasi pale tu palipo na nafasi kati ya panga mbili. Kikikosea kidogo tu, rubani anaikata propela yake mwenyewe. Dahl anakiri kwamba hakuwahi kuelewa vizuri jambo hilo liliwezekanaje.

Je, wajua kwamba hakutunguliwa, wala hakuwa Libya?

Hili ndilo kubwa. Tarehe 19 Septemba 1940, siku sita baada ya kutimiza miaka 24, aliamriwa aipeleke Gladiator kutoka Abu Sueir, karibu na Mfereji wa Suez, mpaka uwanja wa muda wa kikosi chake huko kusini ya Mersa Matruh, katika jangwa la magharibi ya Misri. Alijaza mafuta mara mbili njiani. Ofisa mmoja akamwonyesha kwenye ramani mahali pa kwenda.

Alipofika hapakuwa na kitu. Mchanga na mawe, jua linazama, mshale wa mafuta unashuka. Alizunguka akitafuta, akakosa, na mwishoni akaamua kutua popote kabla ya giza kuingia. Magurudumu yaligonga jiwe, ndege ikajibwaga kwa pua. Kichwa chake kilipiga mbele kwa nguvu iliyovunja fuvu, ikampondaponda pua na kumfumba macho kwa uvimbe. Tangi likashika moto. Haoni, amezimia nusu, alifungua mikanda akajiburura kutoka nje, huku risasi za bunduki zake mwenyewe zikilipuka kwa joto na kuruka huku na huku.

Uchunguzi wa jeshi ulionyesha kwamba kosa halikuwa lake. Mahali alipoelekezwa hapakuwa sahihi: alitumwa katikati ya Waingereza na Wataliano, kwenye ardhi isiyoshikwa na upande wowote. Askari wa Kiingereza walimwokoa, akapelekwa kwa treni mpaka hospitali ya jeshi la majini mjini Alexandria. Kwa wiki kadhaa hakuona. Pua ilibidi ijengwe upya. Aliruhusiwa kutoka Februari 1941.

Sasa sikia. Miaka miwili baada ya ajali, tarehe 1 Agosti 1942, gazeti la Saturday Evening Post la Marekani lilichapa simulizi ya rubani asiyetajwa jina chini ya kichwa kinachosema kwamba alitunguliwa juu ya Libya. Mwandishi alikuwa Dahl, na hayo ndiyo yalikuwa maandishi yake ya kwanza kulipwa Marekani. Kutunguliwa hakutunguliwa. Libya hakuwa Libya, ingawa mtu akitaka kumtetea atasema kwamba Jangwa la Libya linaingia mpaka Misri. Upo pia upande wa pili wa chumvi, wa kuondoa badala ya kuongeza. Katika Going Solo yuko peke yake jangwani. Sturrock aligundua kwamba siku ile kulikuwa na rubani mwenzake katika ndege nyingine, aliyetua salama karibu naye, akakesha naye usiku kucha akimtia joto. Mtu huyo alifutwa katika kitabu. Ajali ya kuelekezwa vibaya inasameheka kuitwa kutunguliwa, maana vita ilihitaji propaganda na Wamarekani walikuwa wasomaji wapya. Kumfuta mwenzako aliyekukumbatia usiku wa baridi ni jambo lingine, na mimi kwa hilo simsamehe haraka.

Je, wajua kwamba alikwenda vitani Ugiriki na uzoefu wa saa saba?

Madaktari walitaka kumrudisha kwao. Alikataa. Kikosi namba 80 kilikuwa kimehamia Ugiriki, na Gladiator zimebadilishwa kwa Hurricane, ndege ya mbawa moja yenye bunduki nane na kasi ambayo hakuwahi kuionja. Alipewa siku chache za kujizoeza. Alipovuka Bahari ya Kati mwezi Aprili 1941, saa zake zote ndani ya Hurricane zilikuwa saba hivi.

Safari ilikuwa ya saa nne na nusu, na mtu wa mita 1.98 alikuwa amekunjwa ndani ya kitundu kisicho na nafasi ya kunyosha goti. Alipotua Eleusis, karibu na Athens, misuli ilikuwa imekaza kiasi kwamba mafundi walimtoa ndani kwa kumbeba.

Habari aliyokutana nayo ilikuwa hii: Ujerumani imeingia Ugiriki kwa mamia ya ndege, na Waingereza wana 18 za kupigana nazo, Hurricane 14 na Blenheim 4. Aliyemfundisha namna ya kubaki hai ni rubani mwenzake David Coke, jioni moja, kwa maneno: tazama nyuma kila wakati, usisahau kufungua kufuli la kitufe cha bunduki. Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yake ya mapigano. Tarehe 15 Aprili alitumwa peke yake juu ya mji wa Chalcis, akakuta Junkers 88 sita zikishambulia meli, akaangusha moja. Kesho yake akaangusha nyingine. Coke mwenyewe hakumaliza mwaka ule. Aliuawa jangwani Desemba 1941.

Je, wajua kwamba bingwa wa marubani wale wa Ugiriki alikuwa mzaliwa wa Afrika Kusini?

Marmaduke Pattle, aliyeitwa Pat, alizaliwa Butterworth, Afrika Kusini, mwaka 1914. Wengi wa wanaoichunguza vita ile wanamhesabu kuwa rubani aliyeangusha ndege nyingi kuliko wote katika majeshi ya Uingereza na makoloni yake. Makadirio ni kuanzia 40 hadi zaidi ya 50. Hesabu kamili haipo kwa sababu nyaraka za vikosi ziliteketezwa wakati wa kukimbia Ugiriki. Kumbuka pia kwamba wengi wa aliowaangusha mwanzoni, aliwaangusha akiwa ndani ya Gladiator.

Tarehe 20 Aprili 1941, Pasaka ya Waothodoksi, Hurricane 12 kwa hesabu ya Dahl, ndizo zote zilizokuwa zikiweza kuruka, ziliinuka pamoja juu ya Athens. Pattle alikuwa na homa kali, hakustahili hata kutoka kitandani. Dahl alikuwamo katika wale 12. Hawakupanga vita, ilikuwa vurugu ya Messerschmitt zikitoka kila upande, na Dahl anasema hajui alipiga nini na alikosa nini, alichojua ni kukwepa asigongane na mtu. Hurricane 5 zilianguka na marubani 4 wakafa. Pattle alionekana mara ya mwisho juu ya ghuba ya Eleusis akienda kumsaidia mwenzake aliyefukuzwa, ndege yake ikaingia baharini. Alikuwa na miaka 26. Waliotazama kutoka ardhini walihesabu ndege 22 za Wajerumani zilizoangushwa siku ile.

Siku tatu baadaye, Hurricane nyingi zilizobaki ziliunguzwa zikiwa ardhini huko Argos, na marubani wakahamishiwa Misri. Ni kawaida kusifu ushujaa wao, nami nausifu. Lakini kuwapeleka vijana 12 dhidi ya mamia, huku Ugiriki imekwisha kupotea, ulikuwa uamuzi wa watu waliokaa mbali na propela.

Je, wajua kwamba maadui wake wa mwisho walikuwa Wafaransa?

Juni 1941 kikosi kilikuwa Haifa, Palestina, kikipigana na majeshi ya serikali ya Vichy, Wafaransa waliokubali kushirikiana na Hitler, waliokuwa wameshika Syria na Lebanoni. Dahl aliangusha ndege ya Kifaransa aina ya Potez tarehe 8 Juni na Junkers 88 nyingine tarehe 15. Kwa simulizi yake, Jumapili moja walipoushambulia uwanja wa Rayak waliwakuta marubani wa Kifaransa wamesimama kando ya ndege zao na wanawake waliovaa magauni ya rangi, mvinyo mkononi, na hakuna Mwingereza hata mmoja aliyebonyeza kitufe mara ya kwanza. Walizunguka wakarudi baada ya wanawake kukimbia. Adabu hiyo iliwagharimu, kwani safari ya pili bunduki za chini zilikuwa zinawangoja.

Kisha kichwa kikaanza kudai deni lake. Kila alipogeuza ndege kwa kasi maumivu yalimjaa, akawa anazimia kwa sekunde chache akiwa usukani. Alirudishwa Uingereza kwa mama yake. Baada ya vita hesabu yake iliyothibitishwa ilifika ndege tano, idadi ambayo kwa desturi humpa rubani heshima ya kuitwa bingwa.

Je, wajua kwamba ujasusi na vibwengo vilifuata?

Mwaka 1942 alipelekwa ubalozi wa Uingereza mjini Washington. Kijana mrefu, majeraha ya vita, hadithi tele, milango ilifunguka. Alikula na wakubwa, akacheza tenisi na makamu wa rais Henry Wallace, akaalikwa nyumbani kwa Rais Roosevelt, na aliyoyasikia akayapeleka kwa mtandao wa upelelezi wa William Stephenson, alikohusika pia Ian Fleming, mtunzi wa James Bond. Ndiyo maana si ajabu sana kwamba filamu ya Bond ya mwaka 1967, You Only Live Twice, iliandikwa na Dahl.

Ama kitabu chake cha kwanza cha watoto, kilitoka mwaka 1943, kwa ushirikiano na Walt Disney, kikiitwa The Gremlins. Hao ni vibwengo ambao marubani wa Kiingereza waliwasingizia kila hitilafu: injini imekohoa, kibwengo, skrubu imelegea, kibwengo. Filamu yenyewe haikutengenezwa.

Je, wajua kwamba ufundi wa vindege uliokoa watoto wa kweli?

Desemba 1960 mjini New York, gari la teksi liligonga kigari cha mtoto wa Dahl, Theo, mwenye miezi minne. Fuvu lilivunjika, maji yakawa yanajaa kichwani, na mrija aliowekewa kuyatoa ukawa unaziba kila mara. Dahl mwenyewe aliwahi kuvunjika fuvu. Hakukubali kukaa akisubiri. Alimwendea Stanley Wade, fundi aliyemjua kwa sababu ya mapenzi yao ya ndege ndogo za kuchezea, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza injini ndogo mno zenye pampu za mafuta zisizoziba. Wakamwongeza Kenneth Till, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo wa watoto jijini London. Watatu hao walibuni valvu ndogo ya chuma inayopitisha maji bila kuziba, iliyokuwa tayari mwaka 1962, nao wakakubaliana kutochukua faida yoyote.

Theo hakuihitaji tena, alikuwa amekwisha pata nafuu. Valvu hiyo ilitumiwa kwa watoto karibu 3,000 katika nchi mbalimbali kabla ya kupatikana iliyo bora zaidi.